SOMO LA ROBO HII: KUMWANZISHA KIJANA KATIKA UFUNDI WA FUNGUO NA VITASA

Kamati nyingi za parokia zinapokaa kupanga miradi ya vijana huanza na majina yale yale: ushonaji, useremala, uchomeleaji, udereva na ufugaji wa kuku. Hizo ni kazi njema na zimewatoa wengi. Lakini mtaa ukishakuwa na cherehani ishirini, ile ya ishirini na moja haimlishi mwenye nayo. Wakati huohuo mwalimu aliyepoteza ufunguo wa nyumba ya kupanga hupanda daladala hadi mjini kumtafuta fundi, na anarudi jioni akiwa ametumia nauli zaidi ya bei ya ufunguo wenyewe.

Katika somo hili tunautazama ufundi wa funguo na vitasa: kazi yenyewe ni ipi, inajifunzwaje, inahitaji mtaji gani, na kamati ijiulize nini kabla ya kumdhamini kijana. Tumeona vyema kuieleza kwa kirefu kwa sababu ina jambo moja ambalo ushonaji hauna. Fundi cherehani akikosa uaminifu, unapoteza kitambaa. Fundi wa funguo akikosa uaminifu, mtaa mzima unapoteza usingizi, na barua iliyomtambulisha kijana huyo ina muhuri wa parokia.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, kamati iweze:
1. Kueleza aina za kazi anazofanya fundi wa funguo.
2. Kuelewa kwa kiasi jinsi kufuli na kitasa vinavyofanya kazi.
3. Kuchagua mwanagenzi na fundi mlezi kwa vigezo vilivyo wazi.
4. Kupanga vifaa na mtaji kwa hatua.
5. Kuweka kanuni za kazi zinazomlinda mteja, fundi na jamii.

1. Kazi ya fundi wa funguo

Wengi wakisikia habari za fundi wa funguo humfikiria yule anayekaa chini ya mwavuli karibu na stendi, mbele yake ubao uliotundikwa funguo ambazo bado hazijachongwa. Huyo ni fundi kweli, ila anachofanya pale ni sehemu tu ya kazi. Kazi zenyewe ni hizi:

(a) Kuchonga ufunguo wa akiba kwa kufuatisha ule uliopo.
(b) Kutengeneza ufunguo mpya wa kufuli au kitasa ambacho ufunguo wake umepotea.
(c) Kumfungulia mtu aliyejifungia nje, bila kuharibu mlango.
(d) Kufunga vitasa vipya, kubadilisha silinda, na kurekebisha mlango ambao komeo halikutani tena na tundu lake.
(e) Kuhudumia pikipiki, bajaji na magari.
(f) Kuhudumia masanduku ya chuma ya kuhifadhia fedha. Hii si kazi ya mtu anayeanza.

Kwa kijana anayeanza, kazi ya (a) humpa wateja wa kila siku, na kazi ya (d) humpa fedha iliyo nzito kidogo. Anayejua kuchonga peke yake hukaa akisubiri mteja apite. Anayejua kufunga kitasa anaweza kwenda kwa mwenye nyumba za kupanga, shule au zahanati na kuomba kazi. Tutaliona jambo hili tena tutakapopiga hesabu.

2. Kufuli na kitasa vinavyofanya kazi

Si lazima mwanakamati awe fundi, lakini asiyejua lolote hawezi kupima kazi ya kijana anayemdhamini. Tueleze kwa ufupi aina mbili zilizo nyingi katika nyumba zetu.

Aina ya kwanza ni ya silinda yenye pini. Asili yake ni ya kale sana: Wamisri wa zamani walikuwa na makufuli ya mbao yaliyotumia vijiti vinavyoanguka kwenye matundu. Umbo tunalolijua leo lilitengenezwa Marekani na Linus Yale na mwanawe aliyeitwa jina hilohilo, katikati ya karne ya 19. Hati ya mtoto ya ugunduzi huo ni ya mwaka 1861, na nyingine ya 1865. Ndani ya kitasa mna silinda ndogo inayozunguka ndani ya silinda kubwa. Pini, mara nyingi tano au sita, husukumwa na springi na kuingia katika silinda zote mbili, hivyo ile ndogo haizunguki. Kila pini imekatwa vipande viwili. Ufunguo sahihi unapoingia, meno yake huinua kila pini kwa kimo chake hasa, mpaka mikato yote ikalingana na ukingo wa silinda ndogo. Hapo silinda huzunguka. Jino moja likiwa refu au fupi kidogo tu, mlango haufunguki.

Aina ya pili ni ya vibamba, ambavyo wauza vifaa huviita liva. Ndicho kitasa kinachochimbiwa ndani ya ubao wa mlango, chenye ufunguo mrefu wenye ulimi mwishoni. Robert Barron wa Uingereza alikiboresha mwaka 1778 kwa kuhakikisha kwamba kila kibamba lazima kiinuliwe kwa kimo chake, kisizidi wala kisipungue. Vitasa hivi huuzwa kwa hesabu ya liva: mbili, tatu au tano. Zikiwa chache, tofauti kati ya ufunguo na ufunguo nazo huwa chache. Ndiyo maana katika safu ya vyumba vya kupanga vilivyofungwa vitasa vya liva mbili si ajabu ufunguo wa jirani kufungua mlango wako. Kamati zinazosimamia stoo ya dawa au ofisi ya mhasibu ziliangalie jambo hili leo, hata kabla ya kumpata mwanagenzi.

Mambo matatu yanafuata kutokana na maelezo haya. Kwanza, ufundi huu unahitaji jicho na mkono uliotulia kuliko nguvu. Pili, ufunguo uchongwe kwa kufuatisha ule wa asili. Ukichonga nakala kutoka kwenye nakala, na nyingine tena kutoka kwenye hiyo, kosa dogo huongezeka kila mara. Tatu, vitasa vingi vinavyosemwa vimekufa havijafa, vimejaa vumbi. Watu huvimiminia mafuta ya kupikia au oili ya gari, na mafuta hayo hushika vumbi zaidi. Unga laini wa risasi ya penseli ukipakwa kwenye ufunguo na kuingizwa mara kadhaa mara nyingi hutosha. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo, hata kama amekosa mauzo ya kitasa kipya. Mteja huyo hurudi.

3. Je, tunafundisha wezi?

Swali hili huulizwa katika kila kikao kazi hii inapotajwa, na si swali la kupuuza. Mzazi mwenye duka ana haki ya kuuliza kwa nini parokia ifundishe kijana namna ya kufungua milango.

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1851, wakati wa Maonesho Makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua mbele ya watu kufuli la kampuni ya Chubb, kisha lile la Bramah ambalo lilikuwa limewekwa dirishani kwa miaka mingi na zawadi ya ginia 200 kwa atakayelifungua. La pili lilimchukua zaidi ya saa 50, zilizogawanywa katika siku nyingi. Wengi walilalamika kwamba kuzungumza hadharani udhaifu wa makufuli ni kuwasaidia wezi. Kitabu kilichotolewa mwaka 1853 kutokana na kazi yake kilijibu kwamba wezi wameshajua kuliko tunavyoweza kuwafundisha. Asiyejua ni mwenye mali, naye ndiye anayeumia. Watengenezaji wa makufuli walilazimika kuboresha bidhaa zao.

Jibu hilo ni la kweli kwetu pia. Mwizi wa mtaani hahitaji miaka miwili ya uanagenzi. Ana nondo, jiwe na giza. Fundi anayejulikana kwa jina, mwenye kibanda, daftari na mdhamini, ni mtu mwenye kitu cha kupoteza. Hata hivyo, jibu hili halitoshi peke yake. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kama California na Texas, serikali hudai leseni ya fundi wa funguo na kuchunguza historia ya mwombaji. Uingereza haina leseni ya serikali kwa kazi hii, na chama cha mafundi wenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1958, huwakagua wanachama wake. Mitaani kwetu anayemchunguza fundi ni jamii inayomfahamu. Kwa maneno mengine, kamati ya parokia inapomdhamini kijana huyu inabeba kazi ambayo kwingine hufanywa na ofisi ya leseni. Iifanye kwa uzito huo.

Vigezo vya kumchagua mwanagenzi viwe hivi:
- Anajulikana mahali anapoishi kwa muda wa kutosha, na jumuiya yake pamoja na mwenyekiti wa mtaa wako tayari kuandika barua.
- Ameshawahi kushika mali ya wengine na kuitolea hesabu: fedha za kwaya, duka la ndugu, stoo ya shule.
- Anaweza kusoma, kuandika na kupima kwa rula.
- Ana uvumilivu. Mpeni kipande cha bati na tupa, mwambieni akifanye kiwe mraba wa sentimita tatu. Baada ya saa moja mtajua mengi kuliko mtakayoyajua kwa mahojiano.

Wasichana wasiachwe nyuma. Mama aliye peke yake nyumbani mara nyingi hupendelea fundi wa kike aje kubadilisha kitasa. Vilevile kijana mwenye ulemavu wa miguu anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii akiwa ameketi mezani, na mwenzake akaenda kwenye milango.

Je, kijana aliyewahi kufungwa kwa wizi? Hatuwezi kuwaandikia kamati jibu moja. Tunachoweza kusema ni kwamba mlango wa kutubu na mlango wa duka la watu si kitu kimoja. Yapo mafundi mengine mengi ambayo kijana huyo anaweza kuanza nayo huku uaminifu wake ukijengeka. Kumweka kwenye funguo mapema si kumsaidia, kwa kuwa siku duka lolote litakapovunjwa mtaani atakamatwa yeye kwanza, awe amehusika au hakuhusika.

4. Njia ya kujifunza

Njia iliyozoeleka ni uanagenzi: kijana kukaa na fundi mwenye kazi. Kozi za VETA zilizo karibu na kazi hii ni useremala, ufundi mitambo na uchomeleaji. Kijana aliyepitia mojawapo huja kwa fundi wa funguo akiwa tayari anajua kushika tupa, keekee na patasi. Aidha, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kamati iulize chuo kilicho karibu kuhusu fani zinazopimwa huko.

Makubaliano na fundi mlezi yaandikwe. Tumeona mara nyingi mwanagenzi akigeuka kuwa mtumwa wa kuchota maji na kununua chai, mwaka ukapita. Maandishi yataje muda, saa za kazi, posho ya chakula, nani analipia kifaa kikiharibika, na hasa mambo ambayo kijana atakuwa ameyaweza kila baada ya miezi mitatu. Mfano wa mpango wa mwaka mmoja:

Miezi 3 ya kwanza: kutambua aina za funguo tupu, kutumia tupa na jiliwa, kufungua kufuli lililokufa na kulikusanya tena, kuandika daftari la wateja.
Miezi 3 ya pili: kuchonga kwa mashine na kwa mkono, kusafisha na kulainisha vitasa, kukisia bei.
Miezi 3 ya tatu: kufunga kitasa kwenye mlango mpya wa mbao na wa chuma, kubadilisha silinda, kupanga upya pini ili ufunguo wa zamani usifungue tena.
Miezi 3 ya mwisho: kazi za nje pamoja na mlezi, funguo za pikipiki, hesabu za biashara.

Tazameni kwamba kufungua milango iliyofungwa kumewekwa mwishoni, tena akiwa na mlezi. Sababu si ugumu pekee. Ni kwamba kwa muda wa miezi tisa mlezi ameshamwona kijana jinsi anavyotunza funguo za watu.

Kuhusu magari, kijana asikimbilie. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wa magari huweka ndani ya kichwa cha ufunguo kifaa kidogo cha elektroniki kinachotambuliwa na gari; nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sharti la kizuizi cha namna hiyo kwa magari mapya kuanzia mwaka 1998. Ufunguo uliochongwa chuma tu unaweza kufungua mlango wa gari kama hilo, lakini injini haiwaki. Kazi hiyo inahitaji mashine za kompyuta na mafunzo yake. Ni hatua ya pili, baada ya biashara kusimama.

5. Vifaa kwa hatua

Kosa la miradi mingi ni kununua mashine kabla ya fundi. Mashine ya kuchonga funguo ina vibano viwili. Kimoja hushika ufunguo wa asili, kingine ufunguo mtupu. Ncha ya kufuatisha hupita juu ya meno ya ule wa asili, na gurudumu la kukatia hukata mtupu kwa umbo lilelile. Ni rahisi kuieleza, lakini ufunguo usipokaa sawasawa begani pake kwenye kibano, meno yote husogea na kazi inaharibika. Gurudumu likiwa butu huharibu kazi vilevile. Asiyejua kuchonga kwa tupa hawezi kujua mashine imekosea wapi.

Kwa hiyo tunashauri hatua tatu.

Hatua ya kwanza, wakati wa uanagenzi: seti ya tupa ndogo, jiliwa dogo, bisibisi za aina mbili, koleo, nyundo ndogo, rula ya chuma, penseli, na miwani ya kinga. Miwani si anasa. Chembe za shaba huruka machoni. Seti hii iwe mali ya kijana tangu mwanzo.

Hatua ya pili, anapoanza kujitegemea: keekee ya umeme, patasi, misumeno ya kutobolea tundu la kitasa, na akiba ya funguo tupu za aina zinazotoka sana mtaani. Asinunue aina arobaini. Akae wiki mbili akiandika aina ambazo wateja wameulizia, ndipo anunue.

Hatua ya tatu, baada ya miezi kadhaa ya daftari linaloonesha wateja: mashine ya kuchonga. Mahali pasipo na umeme wa uhakika, tupa na jiliwa vitaendelea kumlisha.

6. Tupige hesabu

Bei zifuatazo ni za mazoezi tu. Kila kamati iweke bei za soko lake.

Tuseme kuchonga ufunguo mmoja ni shilingi 3,000, na ufunguo mtupu hununuliwa shilingi 1,000. Fundi anapata wateja sita kwa siku. Mapato ni shilingi 18,000. Matumizi: funguo tupu sita 6,000, ufunguo mmoja ulioharibika 1,000, pango la kibanda 1,000, umeme 500, nauli 1,500, chakula 2,000. Jumla ni 12,000. Kinachobaki ni shilingi 6,000.

Sasa tuseme wateja ni watatu tu. Mapato ni 9,000. Funguo tupu 3,000, ulioharibika 1,000, na matumizi mengine yaleyale 5,000. Jumla 9,000. Hakibaki kitu. Maana yake ni kwamba kwa bei hizi funguo tatu za kwanza za kila siku si zake. Ni za mwenye kibanda, za umeme na za daladala. Kijana asipojua hivyo hudhani kila shilingi 3,000 iliyoingia mfukoni ni yake, na mwezi ukiisha anashangaa mtaji umekwenda wapi.

Tuongeze kazi moja ya kubadilisha kitasa kwa wiki. Mteja ananunua kitasa mwenyewe, analipa ufundi shilingi 15,000. Fundi anatumia nauli 3,000. Kinabaki 12,000, sawa na faida ya siku mbili za kuchonga akiwa na wateja sita. Hii ndiyo sababu tulisema asijifunze kuchonga peke yake.

Na mkopo je? Tuseme mashine ni shilingi 600,000. Kwa marejesho ya 25,000 kwa wiki, atamaliza kwa wiki 24. Faida yake kwa wiki ya siku sita ni 36,000, pamoja na 12,000 za kitasa, jumla 48,000. Akirejesha 25,000 anabaki na 23,000 za kuishi yeye na wanaomtegemea. Inawezekana, lakini ni kwa kubana sana, na wiki moja ya malaria inaivuruga. Akiba ya kikundi au VICOBA itangulie, mkopo ufuate. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa masharti.

7. Kanuni za fundi

Kanuni hizi zibandikwe kibandani, mteja azisome.

(i) Sifungui mlango wa mtu asiyethibitisha kuwa ni wake. Mpangaji alete mwenye nyumba, mjumbe au jirani wa kumshuhudia.
(ii) Sichongi ufunguo kutokana na alama iliyogandamizwa kwenye sabuni wala kutokana na picha ya simu. Lete ufunguo wenyewe.
(iii) Ufunguo wa ofisi, shule, zahanati au kanisa huja na barua yenye muhuri.
(iv) Kila kazi ya kufungua huandikwa daftarini: tarehe, jina, simu, namba ya kitambulisho, mahali, shahidi na sahihi.
(v) Sibaki na nakala ya ufunguo wa mteja. Uliokosewa huvunjwa mbele yake.
(vi) Siandiki anuani ya nyumba kwenye ufunguo.
(vii) Simwambii mtu yeyote kitasa cha nani ni dhaifu.

Daftari nalo lifungiwe. Orodha ya nani amebadilisha kitasa na anaishi wapi ni mali kubwa kwa mwizi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zitunzwe. Aidha, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Kwa hiyo fundi anayeitwa usiku asitoke na mkoba wake kimyakimya. Ampigie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, aandike jina la aliyemwita, na awe na kitambulisho chake. Tangu siku ya kwanza ya biashara ajitambulishe kituo cha polisi na kwa kikundi cha ulinzi shirikishi. Polisi wakimjua kabla ya tukio, watamwita kama fundi; wakimjua baada ya tukio, watamwita kama mtuhumiwa.

8. Wajibu wa kamati na wafadhili

Wenye vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua sanduku la chuma lenye makufuli matatu, kila ufunguo ukiwa kwa mwanachama tofauti. Utaratibu wa vikundi hivyo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na umeenea sehemu nyingi za Afrika. Hakuna anayelalamika kwamba makufuli matatu ni dalili ya kutoaminiana. Yanamlinda mwenye ufunguo mmoja asishukiwe peke yake. Usimamizi wa kijana wetu uwe wa namna hiyo: fundi mlezi, mwanakamati mmoja na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Wakutane kila baada ya miezi mitatu, walitazame daftari, wamsikilize kijana.

Parokia pia iwe mteja wa kwanza. Hesabuni milango ya ofisi, shule na zahanati. Andikeni nani ana ufunguo upi. Kamati nyingi zitagundua kwamba funguo za katibu aliyehama miaka mitatu iliyopita hazikurudi. Kazi ya kubadilisha silinda hizo, kwa bei halali na risiti, ni msaada ulio bora kuliko hundi ya zawadi.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mashine ya kuchonga hupigwa picha vizuri, na posho ya chakula ya mwanagenzi haipigiki picha. Lakini kijana huacha uanagenzi katika mwezi wa nne kwa kukosa nauli, si kwa kukosa mashine. Mkichangia, changieni kwanza mwaka wa kujifunza: nauli, chakula, seti ya tupa, na ada ya mlezi inayolipwa kwa awamu kadiri kijana anavyofaulu kila hatua. Mashine ije mwishoni, tena kwa mkopo wa kikundi, ili fedha izunguke kwa kijana wa pili.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, mtu akipoteza ufunguo leo anakwenda wapi, na inamgharimu kiasi gani pamoja na nauli?
2. Kuna nyumba ngapi za kupanga, maduka, shule na vijiwe vya bodaboda ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu?
3. Ni fundi gani tunamfahamu tunayeweza kumkabidhi kijana wetu bila wasiwasi? Tumewahi kuzungumza na wateja wake?
4. Kijana tunayemfikiria ameshashika mali gani ya wengine, na nani aliikagua?
5. Tukiweka bei za soko letu katika hesabu ya sehemu ya 6, ni funguo ngapi za kwanza za siku ambazo si zake?
6. Duka likivunjwa mtaani na kidole kikaelekezwa kwa kijana wetu, kamati itasimama wapi, na ina maandishi gani ya kuonesha?

Swali la sita lijibiwe kwa maandishi na kusainiwa na wanakamati wote kabla barua ya udhamini haijapigwa muhuri. Kamati ikishindwa kulijibu, ni afadhali isubiri robo nyingine kuliko kumtuma kijana mlangoni kwa watu akiwa peke yake.